Kabla hujaukanda mguu ulioteguka, jua kilichomo ndani

Mwezi uliopita alikuja katika kliniki yangu kijana mmoja wa miaka 26 anayefanya kazi ya kupakua mizigo. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameshuka kutoka kwa matatu ambayo haikuwa imesimama vyema. Mguu wake ulikanyaga ukingo wa barabara ukapinda kwa ndani, akasikia kitu kikilia "ka!" Jioni hiyo kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama embe.

Majirani walimwambia ameteguka tu. Wakampeleka kwa mzee mmoja wa mtaani anayesifika kwa kukanda, na kijana akakandwa kwa mafuta moto siku sita mfululizo, huku akiuma kitambaa kwa uchungu.

Alipopigwa picha ya eksirei, niliona mfupa wa upande wa nje wa kifundo umevunjika na vipande vimeachana. Kama angalikuja siku ya kwanza, huenda plasta ya wiki sita ingalitosha. Sasa ilinibidi nimpeleke kwa daktari wa upasuaji ili vipande virudishwe mahali pake na kushikwa kwa chuma. Kijana huyu hulipwa kwa siku. Siku asiyopakua mizigo, nyumbani kwake hapana unga.

Msomaji mpenzi, siandiki haya ili kuwatukana wakandaji. Najua kwa nini watu huwaendea: wako karibu, bei yao ni nafuu, na hakuna foleni. Lakini mkandaji hutumia vidole, na vidole haviwezi kuona kilichoumia ndani. Ukiufahamu mwili wako kidogo tu, utajua ni wakati gani mguu unaweza kutibiwa nyumbani, na ni wakati gani kuukanda ni kuuharibu.

MIFUPA SI MAWE

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na karibu 300, lakini mingi huungana anapokua. Zaidi ya nusu ya mifupa yako iko katika mikono na miguu: kila kiganja pamoja na vidole na kifundo chake kina mifupa 27, na kila wayo pamoja na vidole na kisigino una 26. Mrefu kuliko yote ni mfupa wa paja. Mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio, nao ni mfupi kuliko punje ya mchele.

Watu wengi hufikiri mfupa ni kitu kikavu kama ule unaotupiwa mbwa. Sivyo. Mfupa ulio ndani ya mwili ni hai. Una mishipa ya damu, na ngozi yake ya nje ina hisia kali, ndiyo maana kugonga muundi kwenye stuli huuma hivyo. Ndani ya baadhi ya mifupa mna uboho mwekundu unaotengeneza chembechembe za damu. Karibu asilimia 99 ya madini ya chokaa mwilini, yaani kalisi, huhifadhiwa katika mifupa na meno. Kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya.

Kwa sababu mfupa ni hai, ukivunjika hujiunga wenyewe. Kwanza damu huganda kati ya vipande. Katika wiki mbili au tatu zinazofuata, damu hiyo iliyoganda hugeuka kuwa daraja laini. Baadaye kalisi huingia katika daraja hilo na kulifanya gumu. Mkono wa mtu mzima aghalabu huhitaji wiki sita hivi, na mfupa wa muundi huweza kuchukua miezi mitatu au zaidi.

Kazi ya plasta, basi, si kuunga mfupa. Kazi yake ni kuuzuia usitikisike wakati mwili unapoendelea na ujenzi. Anayekandwa mfupa uliovunjika ni sawa na mwenye nyumba anayekanyaga simiti mbichi kila asubuhi, kisha akashangaa mbona haishiki.

KIUNGO NI MAHALI MIFUPA INAPOKUTANA

Mifupa miwili inapokutana hufanya kiungo. Viungo vingine havisogei kabisa, kama ile mishono ya fuvu la kichwa cha mtu mzima. Vingine husogea upande mmoja tu, kama bawaba ya mlango. Kiwiko ni mfano wake. Bega na nyonga ni viungo vya mpira ndani ya kikombe, ndiyo maana unaweza kuuzungusha mkono mzima. Kikombe cha nyonga ni kirefu na imara. Cha bega ni kifupi kama kisahani, kwa hivyo bega huchomoka kwa urahisi zaidi kuliko nyonga.

Ncha za mifupa ndani ya kiungo kinachosogea zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe na chenye kuteleza ambacho umekiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kati yake mna ute kidogo, mzito kama ute wa yai, unaolainisha kiungo kama grisi. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute huo, na ute huzunguka kiungo kinaposogezwa. Ndiyo sababu goti la mtu anayeketi kutwa nzima hukazana, na pia ndiyo sababu gegedu ikiharibika haiponi upesi.

Sasa tazama kifundo cha mguu wako. Vua kiatu, ushike vile vinundu viwili. Kinundu cha ndani ni mwisho wa mfupa wa muundi. Cha nje ni mwisho wa mfupa mwembamba unaoandamana nao. Mifupa hii miwili hushika mfupa wa tatu ulio chini yake, kama viganja viwili vinavyoshika kikombe cha chai. Uzito wako wote hupitia hapo kila unapopiga hatua.

KANO NA MISULI

Kuna kamba za aina mbili ambazo Kiswahili huziita kano, na ni vizuri kuzitofautisha. Aina ya kwanza hufunga mfupa kwa mfupa ili kiungo kisiachane. Nitaziita kano za kiungo. Aina ya pili hufunga msuli kwenye mfupa. Hizi nitaziita kano za msuli. Iliyo rahisi kuishika kwa mkono ni ile nene iliyo nyuma ya kifundo, juu ya kisigino, ambayo huunganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino.

Misuli inayosogeza mifupa ni zaidi ya 600, nayo ni kati ya asilimia 30 na 40 ya uzito wa mtu mzima. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba msuli huvuta tu, hausukumi. Kwa hivyo misuli hufanya kazi kwa jozi. Kunja mkono wako kama anayebeba ndoo: msuli wa mbele umejikaza, wa nyuma umelegea. Nyoosha mkono, nayo kazi hubadilishana.

Misuli ina damu nyingi, kwa hivyo hupona haraka. Kano za kiungo zina damu kidogo, kwa hivyo hupona polepole. Msuli uliochoka kwa kazi unaweza kukandwa, na mtu akapata nafuu kweli. Mtu aliyewahi kukandwa mgongo baada ya kubeba magunia akapona, huamini kwamba kila kinachouma dawa yake ni hiyo hiyo. Hapo ndipo kosa huanzia.

MGUU UNAPOTEGUKA

Aghalabu wayo hupinda kwa ndani, na kano za kiungo zilizo upande wa nje huvutwa kupita kiasi. Zikivutika kidogo, utapata uvimbe na maumivu ya siku chache. Zikichanika kiasi, utachechemea kwa wiki kadhaa. Zikikatika kabisa, kiungo hulegea.

Lakini nguvu ile ile inayochana kano inaweza pia kuvunja kinundu cha nje, au mfupa ulio ukingoni mwa wayo nyuma ya kidole kidogo. Kwa macho, hali hizi zote hufanana: uvimbe, ngozi kuvilia damu, na maumivu. Hata ule usemi wa kawaida kwamba "kama ungevunjika usingeweza kuusogeza" si wa kweli. Wengi huweza kusogeza vidole ilhali mfupa umevunjika, kwa sababu misuli inayosogeza vidole iko juu, katika muundi.

Je, kila aliyeteguka apigwe eksirei? La. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa nchini Kanada walichapisha kanuni rahisi ambazo hutumiwa hadi leo katika nchi nyingi. Kwa lugha nyepesi, nenda ukapigwe picha ukiona lolote kati ya haya:

1. Hukuweza kupiga hatua nne kwa mguu huo mara tu baada ya kuumia, na huwezi pia unapofika kwa daktari. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa hatua.

2. Unaumia unapobonyeza mfupa wenyewe kwenye ncha ya kinundu cha ndani au cha nje, au ukingo wake wa nyuma hadi vidole vitatu hivi juu yake.

3. Unaumia unapobonyeza mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au ule unaochomoza upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana. Hata hivyo, kanuni hizi zisitumiwe kwa watoto wadogo, kwa mtu aliyelewa, wala kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Na mguu ukiwa umepinda vibaya, au mfupa umetokeza nje ya ngozi, usipime chochote. Huyo ni wa hospitali mara moja.

KWA NINI KUKANDA NI HATARI

Katika siku mbili au tatu za kwanza, mishipa midogo ya damu imepasuka. Kukanda na kuchua kwa maji moto huongeza damu mahali hapo na kuzidisha uvimbe. Kano iliyochanika kidogo inaweza kuchanika zaidi. Mfupa uliopata ufa tu unaweza kuachana.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Msuli uliopondeka ukikandwa kwa nguvu, hasa karibu na kiwiko au pajani, damu iliyovilia ndani yake inaweza kugeuka kuwa mfupa. Naam, mfupa huota ndani ya msuli, na kiungo hukataa kukunjika. Nimemwona mtoto wa darasa la tatu ambaye hakuweza tena kuleta kijiko mdomoni kwa mkono wa kulia. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti wa mpera, na kiwiko kikanyooshwa kwa nguvu kila jioni.

La kuogofya zaidi ni vibao na vitambaa vilivyokazwa mno. Mkono au mguu ulioumia huendelea kuvimba baada ya kufungwa. Uvimbe ukikosa nafasi, huibana mishipa ya damu, na misuli inaweza kuanza kufa baada ya saa sita hivi. Yeyote aliyefungwa vibao, bendeji au plasta, hata kama ni hospitalini, atazame vidole vyake. Bonyeza kucha kisha uachilie: wekundu unapaswa kurudi katika sekunde mbili. Vidole vikiwa baridi, vikabadilika rangi, vikafa ganzi, au maumivu yakizidi unaponyooshewa vidole, usingoje asubuhi. Fungua bendeji, na ukimbie hospitali usiku huo huo. Aliye na plasta aende ikakatwe.

LA KUFANYA SAA ZA KWANZA

Pumzisha mguu. Usilazimishe kutembea "ili damu itembee".

Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Usiweke barafu moja kwa moja juu ya ngozi. Kama huna, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kinasaidia.

Funga bendeji ya kuvutika bila kukaza, na uinue mguu juu ya mto upite kiwango cha moyo.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha wengi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aliye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asinunue dawa nyingine za maumivu bila kuuliza.

Kama kanuni zile hazikuonyesha dalili ya kuvunjika, anza kusogeza wayo polepole juu na chini baada ya siku mbili tatu, kisha ukanyage kadiri unavyoweza. Kukaa kitandani wiki nzima hudhoofisha misuli, na misuli dhaifu ndiyo hufanya mguu uteguke tena. Uvimbe ukiisha, jizoeze kusimama kwa mguu mmoja nusu dakika, ukiwa karibu na ukuta, mara kadhaa kwa siku. Mguu usiopata nafuu baada ya siku tano hadi saba urudishwe kwa daktari.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisije nikaonekana kuwa nawasema wakandaji peke yao, nitasimulia kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja muuza mboga aliteleza kwenye matope akaangukia kiganja. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Nikamwambia, "Mama, umeteguka tu," nikampa bendeji na dawa.

Alirudi baada ya miezi minne. "Daktari, siwezi kuinua hata sufuria," alisema. Nilibonyeza lile bonde dogo lililo chini ya kidole gumba, akaruka kwa uchungu. Picha mpya ilionyesha kwamba mfupa mdogo wenye umbo kama mashua, mmoja kati ya minane ya kifundo cha mkono, ulikuwa umevunjika na haukuungana. Mfupa huo hupata damu yake kutoka ncha moja, kwa hivyo ukivunjika katikati, kipande cha pili hukosa chakula. Ufa wake unaweza pia kujificha katika picha ya kwanza.

Tangu siku hiyo, anayeumia hapo baada ya kuangukia kiganja namfunga hata kama picha ni safi, na kumrudisha kwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Nawe ukiambiwa "umeteguka tu" na maumivu yasiondoke, rudi. Una haki ya kuuliza tena.

WATOTO NA WAZEE

Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi: hupinda na kupasuka upande mmoja bila kukatika. Isitoshe, karibu na ncha zake mna sehemu laini ambapo mfupa hurefuka. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano za kiungo. Kwa hivyo mtoto anayesemekana "ameteguka" mara nyingi ameumia mahali pa kukulia, na pakiharibiwa, mkono au mguu unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda. Mtoto asikandwe kabla ya kuonwa na daktari.

Mtoto mwenye homa ambaye hataki kutumia mkono au mguu, hata kama hakuanguka, apelekwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda viini vimeingia katika mfupa. Naye kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea akilalamika kuhusu goti, ilhali goti lenyewe halina kitu, apimwe nyonga. Maumivu ya nyonga huweza kusikika gotini.

Kwa upande wa wazee, hasa akina mama waliokoma hedhi, mfupa hupungua nguvu na unaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu bafuni. Mzee aliyeanguka asiweze kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asikandwe nyonga. Huo ni mfupa wa juu ya paja umevunjika.

Mifupa imara hujengwa tangu utotoni hadi karibu miaka 30. Maziwa, maharagwe, sukuma wiki, na omena wanaoliwa wazima na mifupa yao huupa mwili kalisi. Jua huupa ngozi vitamini D, kwa hivyo mtoto mchanga asifungiwe katika nyumba ya ghorofa mchana kutwa. Kutembea na kubeba vitu huimarisha mifupa. Sigara huidhoofisha, tena huchelewesha mfupa uliovunjika kuungana.

Yule kijana wa mizigo alipasuliwa, na sasa anatembea kwa magongo. Daktari wake amemwambia asahau kubeba mizigo kwa miezi kadhaa. Alipokuja kunisalimia wiki jana, aliniambia kwamba mdogo wake aliteguka akicheza kandanda. "Nilimwambia apige hatua nne kwanza," akasema. Hakuweza hata mbili, na jioni hiyo hiyo walikwenda hospitali.

Nawe fanya vivyo hivyo. Jua kwanza, kanda baadaye.

Wiki ijayo: maumivu ya mgongo kwa wanaoketi ofisini kutwa nzima.